Takwimu za DTI zimegoma? Anza na dalili unayoiona, p isubiri

Umelinganisha ubongo wa makundi mawili kwa DTI, picha za MRI zinazopima jinsi maji yanavyosambaa kwenye nyuzi za ubongo. Kompyuta imekesha usiku kucha, asubuhi unafungua ramani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) unakuta ubongo wote umewaka. Au hakuna hata vokseli (kijisanduku kidogo cha picha) moja. Au imewaka sehemu ambayo huwezi kuielezea kabisa. Hapo wengi wanakimbilia takwimu, wanaongeza pamyutesheni (kuchanganya lebo za makundi na kupima upya), wanatoa kovarieti (vigezo vya kando kama umri), wanajaribu programu nyingine, na mimi naomba sana usianzie huko, maana mara nyingi tatizo liko kwenye picha au kwenye mpangilio wa faili na takwimu zenyewe hazina kosa. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo hutajua kamwe kipi kilikuwa kibovu.

Nachukulia umepita njia ya kawaida: data ya difyusheni, tensa (modeli ya jinsi maji yanavyosambaa kila upande ndani ya vokseli, ile ambayo Basser na wenzake waliileta 1994), ukapata FA (kiasi maji yanavyofuata mwelekeo mmoja) na MD (wastani wa usambaaji wenyewe), ukapitisha TBSS ya programu ya FSL (inayoweka FA za watu wote kwenye kiunzi, yaani mistari myembamba ya katikati ya njia za nyuzi), mwisho randomise (programu ya pamyutesheni) na TFCE (inayozipa uzito vokseli zinazowaka pamoja kabla ya p kusahihishwa kwa wingi wa vokseli). Ukitumia njia nyingine dalili nyingi zitafanana tu.

Ubongo mzima umewaka

Kabla hujashangilia, angalia unasoma nini. Faili za randomise zenye corrp kwenye jina hazina p, zina 1 toa p. Yaani kinachohesabika ni 0.95 mpaka 1. Ukiweka kuonyesha chini ya 0.05 unaona karibu kiunzi chote kinang'aa na hicho kinachong'aa ndo kile kisicho na kitu. Kosa la dakika moja lakini nimeona watu wameshaanza kuandika matokeo nalo. Hakikisha pia hujafungua faili ya tstat (thamani za t tu) peke yake, ile haijasahihishwa chochote.

Umesoma vizuri na bado umewaka kote? Basi mawazo yangu yanaenda kwenye mtikisiko wa kichwa na kwenye skana, kwa mpangilio huo. Ugonjwa halisi mara chache unagusa kila njia ya nyuzi kwa kiwango kinachokaribiana, ila mtu kutikisika anagusa picha yote. Yendiki na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba makundi mawili yakitofautiana kwa mtikisiko tu, hiyo peke yake inaweza kuzaa tofauti za uongo kati ya makundi. Na fikiria nani anatikisika: watoto, wazee, mtu mwenye maumivu, mtu mwenye wasiwasi. Karibu kila kundi la wagonjwa linatikisika kuliko kundi la wazima, so huu mtego upo kwa kila mtu.

Namna ya kukagua ni rahisi. Programu ya eddy ya FSL, ile inayorekebisha mtikisiko, inatoa faili ya movement_rms yenye safu mbili, ya kwanza ni umbali kutoka picha ya mwanzo, ya pili ni umbali kutoka picha iliyotangulia. Chukua wastani wa ile ya pili kwa kila mtu, weka namba moja kwa kila mtu kwenye jedwali, linganisha makundi. Zikitofautiana, rudia eddy ikiwa na --repol ili vipande vilivyopoteza signali vibadilishwe, toa waliotikisika kupita kiasi kwa kigezo ulichoweka kabla ya kuona matokeo, alafu weka mtikisiko kama kovarieti. Kovarieti haimalizi tatizo lote, hasa kama mtikisiko wenyewe unatokana na ugonjwa, maana hapo unaweza kuondoa pamoja na kitu halisi. Ripoti matokeo yote mawili, yenye kovarieti na yasiyo nayo, msomaji aone.

Skana sasa. Kama wagonjwa wote walipigwa kwenye mashine moja na wazima wote kwenye nyingine, nasema hili kwa uchungu, hakuna njia ya takwimu itakayokuokoa. Tofauti ya mashine na tofauti ya ugonjwa zimekuwa kitu kimoja na hesabu haziwezi kuzitenganisha. Kama makundi yamechanganyika kwenye mashine zote hapo kuna tumaini, unaweza kutumia ComBat, njia ya kusawazisha data za mashine tofauti, iliyoanzia kwenye data za jeni 2007 na Fortin na wenzake wakaileta kwenye DTI 2017. Ukiitumia, umri, jinsia na kundi viingie kwenye modeli yake, la sivyo itaona tofauti ya umri kati ya vituo kama uchafu wa mashine na itaifagia. Kuna kipimo kingine kidogo nakipenda: angalia MD katikati kabisa ya vyumba vya maji vya ubongo, mbali na kingo. Maji kwenye joto la mwili yanatakiwa kuwa karibu 3 × 10⁻³ mm² kwa sekunde, wakati tishu ya ubongo iko kama 0.7 hadi 0.8 kwenye kipimo hichohicho. Skana moja ikikupa namba iliyo mbali sana na nyingine kwa watu wa aina ileile, shuku thamani za b (nguvu ya kipimo cha difyusheni) au ukalibreshaji wa gradienti kabla hujashuku biolojia.

Hakuna kitu kabisa, na unajua kinatakiwa kuwepo

Hii ndo inauma zaidi na ndo nitakaa nayo kidogo.

Kitu cha kwanza kabisa, mpangilio wa faili. TBSS inapounganisha picha za watu kuwa faili moja ya all_FA inazipanga kwa jina, kialfabeti. Wewe matriksi yako ya dizaini (orodha ya kundi na umri wa kila mtu) umeitoa kwenye jedwali lililopangwa kwa namba. Angalia kinachotokea ukiwa na majina S1, S2, S3 mpaka S12. Kompyuta inapanga hivi: S1, S10, S11, S12, S2, S3, S4 na kuendelea. Kwenye jedwali lako mstari wa pili ni S2, kwenye picha ya pili ni S10. Kuanzia hapo kila umri umebandikwa kwa mtu asiye wake na kila mgonjwa anaweza kuwa mzima, na randomise haitalalamika hata kidogo kwa sababu idadi ya mistari ni sawa na idadi ya picha. Hakuna eror, hakuna onyo, unapata tu ramani iliyokufa. Nimewahi kupoteza siku tatu hapo, nikapiga hesabu upya mara mbili, nikabadilisha kizingiti, na tatizo lilikuwa sifuri moja tu iliyokosekana kwenye jina la faili. Tangu siku hiyo naandika S01, S02 hata nikiwa na watu wachache, na kama nategemea wengi naandika S001.

Kuijua haraka fanya hivi: toa wastani wa FA kwenye kiunzi kwa kila picha ndani ya all_FA_skeletonised (fslmeants na maski ya kiunzi inatosha), alafu pima wastani huohuo kutoka faili za mtu mmojammoja ukiwa na majina yake. Weka safu mbili pembeni kwa pembeni. Zisipofuatana mstari kwa mstari umempata mwizi.

Kitu cha pili, jipe kipimo cha kitu kinachojulikana. Watu wazima wanavyozeeka FA inashuka na MD inapanda sehemu kubwa ya maada nyeupe, hili limeonekana tena na tena. Kama kwenye data yako kuna watu wa miaka 25 na wa 75 na uhusiano na umri hauonekani kabisa, usiendelee na swali lako la ugonjwa. Kuna kitu kimevunjika juu huko: mpangilio, uoanishaji wa picha (kuzilaza zote kwenye umbo moja), au matriksi. Uhusiano ukionekana vizuri na tofauti ya makundi haionekani, basi sasa unaweza kuanza kuamini kwamba pengine tofauti haipo au watu ni wachache.

Na hapo kwenye uchache kuna hesabu ya kukaa nayo. Pamyutesheni inachanganya lebo za makundi, inauliza je mpangilio halisi unashinda mipangilio mingine. Ukiwa na watu 3 kwa 3, mipangilio yote inayowezekana ni 20 tu, kwa hiyo p ndogo kuliko zote unayoweza kuipata ni 1 kwa 20, yaani 0.05. Hata kama tofauti ni kubwa kama mlima haiwezi kushuka chini ya hapo. 4 kwa 4 ni mipangilio 70, 5 kwa 5 ni 252. Ukiomba pamyutesheni 10000 na mipangilio iliyopo ni 70, programu itatumia hizo 70 na basi.

Upande wa pili, ukiwa na watu wa kutosha lakini ukaomba pamyutesheni 500 kwa haraka, p inayumba. Karibu na 0.05 kosa la makadirio kwa 500 ni kama 0.01, kwa 5000 ni kama 0.003. Kwa hiyo 0.047 ya pamyutesheni 500 kesho ukirudia inaweza kuwa 0.058 na hujagusa kitu. 500 ni za kuonja tu, za kuandika ripoti nenda 5000 au zaidi. Na usirudie kwa mbegu (namba inayoanzisha uchanganyaji) tofauti mpaka ipatikane ile unayoipenda, hiyo ni kujidanganya wewe na kumdanganya atakayesoma.

Kitu cha tatu ni uoanishaji. Fungua all_FA na uweke kiunzi juu yake, pita mtu mmojammoja kama unaangalia sinema. Kiunzi kinatakiwa kiwe juu ya katikati ya njia za nyuzi au karibu yake. Wenye vyumba vya maji vilivyopanuka ndo wanaharibika kwanza, unakuta kiunzi cha kopasi kalosamu (daraja la nyuzi kati ya nusu mbili za ubongo) kimekaa kwenye maji. Kizingiti cha 0.2 cha kiunzi ni cha difolti, sio sheria ya mbinguni, kwa watoto wachanga FA zao ziko chini na templeti (ubongo wa mfano) ya watu wazima haiwafai, kuna chaguo la -n linalotafuta mtu anayewakilisha wenzake vizuri zaidi awe ndo templeti. Linachukua muda mrefu maana kila mtu anaoanishwa na kila mtu. Inafaa kusubiri.

Ah na --T2. Kwenye kiunzi tumia --T2 ya randomise, ni TFCE iliyorekebishwa kwa data iliyo kama karatasi nyembamba, ile -T ya kawaida ni kwa ubongo mzima wa pande tatu. Watu wanaisahau.

Tofauti ilikuwepo, nimeweka umri imepotea. Au kinyume chake

Angalia makundi yako kwa umri. Wagonjwa wakiwa na wastani wa miaka 60 na wazima 40, umri na ugonjwa vimebebana, na ukiviweka vyote kwenye modeli vinagombania kitu kilekile. Hiyo haiponi kwa ujanja, inapona kwa kuchagua watu wanaolingana toka mwanzo.

Ila kuna kosa la ufundi linalofanana na hilo. Modeli ya makundi mawili ina safu ya kundi A, safu ya kundi B, na umri uliotolewa wastani. Wastani upi? Wa watu wote pamoja. Wengine wanatoa wastani wa kila kundi peke yake, wanaona ni nadhifu zaidi, kumbe kwa kufanya hivyo tofauti ya umri kati ya makundi inabaki ndani ya tofauti ya makundi na umri haujasahihishwa kabisa pale ulipokuwa unahitajika. Ramani inapendeza kweli, lakini inajibu swali jingine.

Mtu mmoja kapigwa mara mbili

Kabla na baada ya matibabu, watu 20, picha 40, ukaziingiza kama watu 40. Hapana jamani. Picha za mtu mmoja zinafanana kwa sababu ni ubongo uleule, na kuzichanganya kiholela kunavunja msingi wa pamyutesheni. Kama mara ni mbili tu njia safi ni hii: toa picha ya kwanza kwenye ya pili kwa kila mtu, unabaki na picha 20 za tofauti, alafu randomise -1 ambayo inageuza ishara ya jumlisha na toa. Mara tatu au zaidi hapo unahitaji bloku za kubadilishana (zinazowekea mipaka picha zipi zichanganywe) au modeli mseto.

FA ni nzuri ila nyuzi zinaenda ovyo

Hii naipenda kwa sababu jicho linaikamata kabla ya hesabu yoyote. Fungua ramani ya rangi: nyekundu ni kushoto-kulia, kijani ni mbele-nyuma, bluu ni juu-chini. Kopasi kalosamu katikati inatakiwa iwe nyekundu, singulamu iliyo juu yake kijani, njia ya nyuzi za mwendo zinazoshuka kwenye shina la ubongo bluu. Rangi zikibadilishana, safu za faili ya bvecs (mielekeo ambayo skana ilipima) zimebadilishana.

Sasa ile ya kujificha ni ishara iliyogeuka, mfano x yote ina toa badala ya jumlisha. Rangi hazibadiliki hata kidogo! FA nayo haibadiliki, maana tensa imekuwa kama imeangaliwa kwenye kioo na umbo lake ni lilelile. Ukiangalia katikati ya kopasi kalosamu mistari inaonekana sawa kabisa kwa sababu pale nyuzi zimenyooka kushoto-kulia na kioo hakiwezi kuzigeuza. Nenda mbele, pale nyuzi zinapopinda kuingia kwenye paji la ubongo. Weka V1 (mwelekeo mkuu wa tensa) kama mistari midogo juu ya FA kwenye kipande cha mlalo. Ikiwa sawa mistari inafuata mkunjo, kama nywele zilizochanwa. Ikiwa imegeuka mistari inakata njia kwa pembe kama vijiti vya uzio, kushoto na kulia vyote. Geuza ishara ya x, fiti tensa upya, angalia tena palepale. Matokeo yako ya FA yatabaki salama, ila ufuatiliaji wa nyuzi wote uliofanya kabla ya hapo utupe.

Tofauti na hilo ni pale ulipooanisha picha kwa mtikisiko ukasahau kuzungusha bvecs pamoja nazo. Hiyo inaharibu mielekeo na FA pia, Leemans na Jones waliliandika 2009. eddy inakutolea faili ya rotated_bvecs, itumie hiyo kwenye kufiti, sio ile ya mwanzo.

FA zaidi ya 1, au vitobo vyeusi na vyeupe

FA kihesabu inakaa kati ya 0 na 1. Ikizidi 1 maana yake tensa ina mhimili wenye difyusheni hasi, kitu ambacho maji hayawezi kufanya. Inatokea sana kwenye kopasi kalosamu, pale nyuzi zimebanana na signali inashuka mpaka kwenye sakafu ya noizi, na mawimbi ya Gibbs (mistari ya uongo pembeni ya kingo kali za picha) kutoka vyumba vya maji vya jirani yanaongezea. Kuondoa noizi kufanyike mwanzo kabisa kabla ya kitu kingine chochote, alafu Gibbs, ndo topup (inayonyoosha picha zilizopinda) na eddy. Ukisafisha noizi baada ya eddy umechelewa, picha zimeshasogezwa na noizi imeshachanganywa kati ya vokseli jirani. Kufiti nako, ukichukua logi ya signali noizi haibaki sawa kwa kila kipimo, signali ndogo inakuwa na makosa makubwa, ndo maana tunatumia mizani (--wls kwenye dtifit).

Imewaka kwenye ukingo wa vyumba vya maji tu

Utepe mwembamba pembeni ya maji, au kwenye forniksi (njia ya nyuzi iliyo kando ya vyumba vya maji). Shuku kwanza kwamba ubongo umesinyaa na vokseli za ukingoni zimechanganya tishu na maji. MD inapanda, FA inashuka, na nyuzi zenyewe pengine hazijaguswa. Modeli ya maji huru ya Pasternak (2009) inasaidia kutenganisha, hasa ukiwa na thamani za b zaidi ya moja.

FA ya wagonjwa iko juu kuliko ya wazima

Usiseme wagonjwa wana nyuzi bora. Angalia ni wapi. Jeurissen na wenzake 2013 walikadiria kwamba kati ya 60 na 90 kwa mia ya vokseli za maada nyeupe zina nyuzi zinazopishana. Mahali njia mbili zinapokatana FA iko chini kwa sababu mielekeo ni miwili, sasa njia moja ikifa, inabaki moja, FA inapanda. Yaani uharibifu unaonekana kama uboreshaji. Ikitokea kwenye eneo la juu ya vyumba vya maji, ambako nyuzi za kopasi kalosamu, za mwendo na zile ndefu za mbele-nyuma zinapita pamoja, mimi nachukulia hivyo mpaka nionyeshwe vingine. Kama data ina mielekeo ya kutosha na b ya juu, uchambuzi wa fikseli wa MRtrix unakupa namba kwa kila njia ndani ya vokseli.

Kila kipimo kimetoa kitu kidogo

FA, MD, AD (difyusheni kwenye mhimili mkuu), RD (difyusheni inayokata mhimili huo), kila kimoja kontrasti mbili (A zaidi ya B, na B zaidi ya A), hiyo ni majaribio 8. TFCE imesahihisha vokseli ndani ya jaribio moja tu, haijui kuhusu hayo mengine 7. Na vipimo vyenyewe vinatoka kwenye tensa ileile. Amua kimoja kiwe kikuu kabla ya kuanza, au sahihisha pia kwa idadi ya majaribio, na ukifanya hivyo utaona vile vya 0.04 vinaanguka kimoja baada ya kingine na kile kinachobaki ndo cha kwenda nacho kwenye mchoro wa kwanza.